Kombe la Ukutani kwa Kamaria

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Leo nimechimbua kombe la jiwe timboni, kwa mikono yangu, jua la saa sita, peke yangu. Simba!
Haya — uongo. Nilikuwa kivulini nakula korosho. Aliyelichimbua ni Ngumbao, mkata mawe ya kujengea. Akanitupia: chukua Mzee Stambuli, hili lina ugonjwa, fundi atalikataa. Ugonjwa! Kombe zima la baharini, mistari yake yote, limegeuka jiwe. Kisukuku, ndivyo wasomi wanavyoita. Basi nimeanza kukusanya. Wenzangu wa umri huu wanakusanya dawa.

Jumatano, 6 Agosti
Mke wangu Raiya kakuta sinia lake la shaba limejaa mawe. Ati mwanamume akianza kuokota mawe njiani, kinachofuata ni kuvua nguo. Nimemwambia asiogope, nitaanza kuvulia nyumbani. Kacheka — nimemwona!

Alhamisi, 7 Agosti
Msiba. Nimelisafisha kombe kwa ndimu, kama Raiya anavyosafisha sinia. Likatoa povu. Nikafurahi, uchafu huo unatoka! Nikalitosa kwenye bakuli la ndimu, nikajinyoosha kidogo. Kuamka — mistari hakuna. Laini kama kipande cha sabuni. Ndimu imelila! Bahari haikuliweza, nimeliweza mimi.
Ngumbao kacheka mpaka kakaa chini. Jingine kama lile ameliona moja tu, asema. Liko kwenye mawe aliyompelekea jirani yangu Kamaria, anayejenga.

Ijumaa, 8 Agosti
Nimetoka msikitini moja kwa moja hadi kwa Kamaria. Lipo! Ukuta wa mbele, mstari wa nne kutoka juu, kubwa kuliko langu, limekodoa kama jicho. Lakini mafundi wakirudi kutoka kula, wanapiga lipu ukuta mzima. Nikamwomba Kamaria aliache wazi.
"Shikamoo babu. Nyumba yangu haikai na chunusi," kasema. Nikamwambia kuna wanaume tuliooa kwa sababu ya chunusi. Kanifukuza kwa kanga.
Nimerudi nyumbani. Naandika kwanza nitakayomwambia, nisije nikapayuka tena:
Mwanangu Kamaria, maji ya kukorogea saruji ya ukuta huo umeteka kisimani kwangu mwezi mzima. Sijakuuliza hata ndoo moja, na siulizi.
Nasikia mwiko unagonga karai. Wamerudi!
Niachie upana wa sahani tu, mwanangu. Fundi alizunguke. Mwambie sasa hivi, maana lipu huanzia juu —