Walijaribu kwa Picha za Ziwa

Ndosho, Goma, Alhamisi jioni.

Mvua imenyesha tangu asubuhi, na kati ya radi na mizinga ya upande wa Sake sijui tena kipi ni kipi. Nina hasira. Nalisema mapema ili mtu asije kutafuta busara humu ndani.

Naandika programu za simu katika ofisi moja ya Himbi, karibu na ziwa. Kazi yetu kubwa ni programu ya watoto waliopotezana na wazazi. Ilizaliwa mlima wa volkano ulipopasuka, mji mzima ukakimbia, mikono ikaachana barabarani. Sasa mlima umetulia na vita ndiyo inayotawanya watu, lakini kazi ni ileile. Wanaojitolea kambini na vijijini humpiga picha mtoto aliye peke yake, huandika yuko wapi, na mzazi hupitia picha moja moja. Jina halisaidii sana, maana mtoto mdogo hutaja lile la kubembelezwa nyumbani. Uso ndio unaotafutwa.

Tuna sheria ya kulinda watoto, na sina ugomvi nayo: picha zao zinafunguka tu kwenye simu ya mzazi aliyeandikishwa. Kubadilisha simu ni kuanza upya safari ya idhini na mihuri. Sisi wa ofisini tunaona picha za majaribio tu.

Mama mdogo Zawadi, anayemfuata mama yangu kwa kuzaliwa, anaishi nasi tangu walipokimbia kijiji chao upande wa Rutshuru. Alifika hapa na kichanga mgongoni. Neema, binti yake wa miaka saba, alibebwa na msongamano wa watu kwenye njia panda akaenda na kundi jingine. Tangu hapo mama mdogo anapitia zile picha kila siku kwenye simu yake ya bei ya chini, kama ile ambayo nusu ya Goma wanatumia.

Kila siku programu inamfia mkononi.

Simu inaanza kuwa nzito, kidole kinavuta na picha haiji, halafu kila kitu kinajifunga. Akifungua tena, anarudishwa kwenye picha ya kwanza. Kwa hiyo kuna picha za mwisho ambazo hajawahi kuziona hata mara moja, na yeye analijua hilo kuliko mtu yeyote.

“Inakufaka mbele nifike ku mwisho, papa,” aliniambia, maana kwetu hata mtoto wa dada huitwa papa. “Pengine Neema eko kule.”

Nilimweleza chefu wetu, mkuu wa ofisi. Alitoa simu yake, ambayo kwa bei yake ungenunua pikipiki, akapitisha picha za majaribio kwa kidole gumba mpaka mwisho. “Unaona? Inatembea muzuri. Ile telefone ya mama yako njo ya kufwa.” Halafu akanipa kazi ya kubadilisha rangi ya nembo kwa sababu kuna wageni wanakuja, wale wanaotufadhili.

Rangi ya nembo!

Nilirudi kwake tena baadaye. Safari hii akanionyesha mchoro wa kumbukumbu ya simu, mstari umelala, haupandi. Kesi imefungwa. Sehemu ya programu inayofungua picha aliinunua yeye, anailinda yeye, na mwingine akiigusa ananuna wiki nzima.

Mchoro wake ulikuwa wa kweli, na haukuwa na faida yoyote. Simu hizi za Android zina kumbukumbu za namna mbili. Moja mfumo wenyewe unaifagia: kitu kisipotumika tena, kinaondolewa. Nyingine ni ya chini kabisa, inayoombwa na vipande vilivyoandikwa kwa lugha ya C++, na huko hakuna anayefagia. Aliyeomba nafasi ndiye anayepaswa kuirudisha. Ni kama bidoni za nyumbani, yale madumu ya maji. Kila mtoto akienda bombani na bidoni akaiacha hukohuko, jioni hamna cha kuchotea maji, na hakuna mwizi aliyeingia. Simu ndogo ikishajaa namna hiyo, mfumo unaiua programu bila kuuliza. Mchoro wa chefu ulionyesha ile kumbukumbu ya kwanza tu.

Jana chefu alikuwa uwanja wa ndege kupokea wageni, nami nikachoka kuomba ruhusa. Niliiunganisha simu ya mama mdogo na kompyuta, yeye mwenyewe akiwa kando yangu, nikawasha chombo kinachoandika kila ombi la kumbukumbu ya chini na nani ameliomba. Nikapitisha picha za majaribio. Hakuna kilichopanda. Nikatukana, mama mdogo akajifanya hakusikia. Nikamwomba apitishe picha za watoto. Kila mtoto aliyepita pale alichukua nafasi, na nafasi haikurudi.

Nilizikodolea macho zile za majaribio na hizi za watoto mpaka nikaona kitu ambacho hata asiyejua kompyuta angekiona. Picha za majaribio ni za ziwa. Zote. Chefu alizipiga kutoka baraza ya ofisi, simu ameilaza ili maji yote yaingie. Watoto wamepigwa wamesimama, na simu imesimama pia, kwa sababu kwetu picha ya mtu inaanza kichwani na kuishia kwenye viatu. Mkate miguu uone kama hatakuuliza iwapo unamtengenezea kadi ya uchaguzi.

Sasa, picha iliyopigwa simu ikiwa wima huhifadhiwa imelala, na lazima izungushwe kabla ya kuonyeshwa. Ili kuizungusha, kile kipande cha chefu kinatengeneza nakala ya pili. Nakala ya pili inarudishwa vizuri baada ya kutumika. Ile ya kwanza imesahauliwa. Nikachukua picha moja ya ziwa, nikaiandikia kwa mkono kwamba ilipigwa simu ikiwa wima. Kumbukumbu ikapanda.

Dawa yake ilikuwa mstari mmoja wa programu, wa kuirudisha ile nakala ya kwanza.

Nimeandika mistari mingi ya ovyo maishani, lakini sijawahi kuuchukia mstari kama huo. Tulijaribu programu ya watoto kwa picha za maji, halafu tukamwambia mwenye mtoto kwamba simu yake ni mbovu.

Umeme ulikatika kabla sijamaliza kuweka toleo jipya. Nimeliweka leo mchana. Mama mdogo aliketi mkekani, akaanza tena na picha ya kwanza kama kawaida yake. Simu haikuwa nzito. Alipofika kwenye picha ambazo hajawahi kuziona alipunguza mwendo, na mimi nikaacha kutazama simu, nikawa namtazama yeye.

Neema alikuwa karibu na mwisho. Amevaa jezi ya mtu mzima inayomfika magotini, amesimama wima kama aliyeambiwa asitikisike. Chini yake imeandikwa kwamba yuko Sake, kwa familia moja nyuma ya kanisa.

Sake! Kwa pikipiki ni hapo tu. Mpaka Jumapili pikipiki zilikuwa zinaenda na kurudi na mikungu ya ndizi. Jumatatu vita ikashuka kwenye vilima vya pale, barabara ikakatika, na namba ya hiyo familia haipatikani.

“Hii picha iko mule tangu siku gani?” aliuliza mama mdogo.

Nilitaka kumdanganya. Nikamwambia ukweli: ilikuwamo hata kabla yeye hajaandikishwa. Alifuta kioo cha simu kwa ncha ya kitenge, akaendelea kutazama.

Saa hiyohiyo chefu akaniandikia ujumbe. Amesikia kwa wenzangu wa ofisini, niliowaandikia, kwamba tatizo limeisha na mama amempata mtoto. Félicitations, yaani hongera, kwa timu nzima. Kesho wageni watakuwa ofisini, nimlete huyo mama atoe ushuhuda, watampiga picha. Niliusoma kwa sauti, nikimsomea mama yangu jikoni ili tuukasirikie pamoja, na nilikuwa katikati ya matusi mama mdogo alipotokea mlangoni.

“Bale bageni,” akauliza, “beko na gari?”

Wanayo. Yamepangwa uani kule Himbi, meupe, yenye bendera, na vizuizi vinavyorudisha pikipiki huyafungulia njia.

“Basi nitaenda. Bapige ile picha yabo, banitafutie mutoto.”

Yeye ni mpole. Mimi sivyo. Kesho nitampeleka Himbi mwenyewe, na nitasimama mbele ya kamera yao mpaka niione injini ya gari moja ikiwashwa kwenda Sake.