Chumba cha Kukutania

Likoni, 14 Juni 1999

Kwa mume wangu Rashid,

Assalaam aleikum. Mimi mzima, goti tu ndilo lililonikasirikia, nami nimelikasirikia zaidi. Wewe hujambo? Chakula wala? Nairobi kuna baridi, vaa.

Anayeandika ni jirani yangu Mwanasaumu, fundi wa cherehani, kwa kuwa mimi skuli sikuiona. Lakini maneno ni yangu, hata haya anayoyakunjia uso.

Nimesikia sokoni, kwa wauza samaki, kwamba dadako Mwanarehema anaolewa. Sokoni, Rashid! Babako yuko hapo Changamwe, feri na basi moja, na hakuweza kuniletea neno. Tangu alipoisoma khitma ya marehemu babake kule kwake, kwa watu baki, badala ya nyumba hii aliyofia, mimi na yeye hatusemi, na sitaanza mimi. Mzazi hamwangukii mwana.

Basi mwambie wewe: somo wa Mwanarehema, wa kumfunda na kumpamba, ni mimi. Hakuna mwanamke mwengine wa kumsinga mtoto yule wala kumtia hina. Akileta somo wa kukodi nitamlaani. Mwanasaumu asema nisilaani. Haya, nitamnunia.

Nyanyako

*

Nairobi, 9 Julai 1999

Kwa mke wangu Nyanya,

Shikamoo. Mimi mzima, nala, navaa. Goti lisingwe mafuta ya nazi.

Nilimpigia Baba simu kazini. Yuwasema: "Mwambie mamangu mlango uko wazi, akitaka kuwa somo aje aseme mwenyewe." Nikamwambia huji. Akasema basi. Harusi ni mwisho wa Oktoba.

Nisamehe kwa kuchelewa, kazi imenikaba. Si nilikueleza zile barua za kompyuta? Kampuni za intaneti sasa ni kadhaa, lakini hazijaungana. Mtu wa Mombasa akimwandikia mwenzake wa Mombasa mwenye kampuni nyingine, barua yapanda kwenye setilaiti, yaenda mpaka Amerika, ndipo yarudi Mombasa. Ndiyo maana ni ghali na yachelewa. Sisi tumekodi chumba kimoja. Kila kampuni italeta waya wake pale, zikutane, zipeane barua za hapa hapa. Mimi na mwenzangu Wafula ndio tunaounganisha.

Mjukuuo na mumeo, Rashid

*

Likoni, 2 Agosti 1999

Mume wangu,

Salaam nyingi. Sisi wazima. Umenifanya nicheke, kisha nikakasirika.

Watu wawili, ukuta mmoja, wapitishie maneno yao Amerika? Wazimu gani huo? Huyo wa katikati siku akilala, au akinuna, itakuwaje? Kiungeni hicho chumba upesi, na mwenye kuzuia nitajieni jina lake.

Ama babako, mwambie mlango wake naujua, mimi ndiye niliyemfunza kufunga mlango. Mwambie aje yeye. Mwambie liwa ya kumsinga bi harusi nimeshasaga. Mwambie nimeota Mwanarehema analia. Sikuota, lakini mwambie.

Nyanyako

*

Nairobi, 6 Septemba 1999

Nyanya,

Shikamoo. Natumai u mzima. Leo sina utani.

Wamekifunga chumba. Mwezi jana tulikiwasha, na barua ya Mombasa ikaenda Mombasa kabla sijapepesa jicho. Wale wanaolipwa kwa kila kinachopanda setilaiti wakaenda kushtaki, ikaja amri: haramu, zimeni. Wafula alizima kwa mkono wake, huku analia. Tumeandika rufaa, nayo yazunguka ofisi hadi ofisi.

Katika zahama hiyo sikufungua barua zangu. Jana ndiyo nimeiona ya Baba, imelala mezani siku nyingi. Bwana harusi, Bakari, ni baharia, ameitwa melini mapema. Harusi imeletwa mbele: ni Ijumaa hii, tarehe kumi. Baba ameandika: "Mwambie mamangu aje, nafasi ya somo yamngoja." Nimepiga simu ya duka la Faki hapo kwenu Likoni, imekufa. Sijui kama barua hii itakuwahi.

Nyanya, nyinyi mko bandari moja, na kila neno lenu lapitia kwangu Nairobi. Mimi ndiye Amerika yenu, nami nimechoka. Sipeleki neno jengine, lako wala lake.

Mjukuuo

*

Changamwe, 13 Septemba 1999

Rashid,

Salaam aleikum. Leo hu mume wangu, nimekupa talaka moja, ya rejea.

Barua yako ilifika Jumamosi asubuhi. Mtoto wangu ameshaolewa, amesingwa na mwanamke nisiyemjua! Nililia kwa hasira mpaka Mwanasaumu akaacha cherehani. Nikakutukana wewe, nikamtukana babako, nikaitukana Amerika. Kisha nikakosa wa kuyapeleka matusi hayo, kwa kuwa wewe umegoma. Nikavaa buibui, nikapanda feri nikayapeleka mwenyewe.

Hodi sikupiga. Babako alikuwa uani ateka maji. Nikamwambia yote, majirani wakatoka. Naye hakunyamaza! Yuwasema ile khitma alimtuma mtu Likoni kuniuliza, na yule mtu akarudi na jibu kwamba nimeridhia. Wallahi sikuulizwa na mtu. Huyo mjumbe labda aliishia kivukoni akala mihogo yake akarudi. Na sisi tumenuniana kwa ajili yake! Tumegombana, mimi na mwanangu, mpaka sauti zikatuishia, kisha akanipa maji ninywe.

Mwanarehema yumo katika fungate, siku zake saba za kupikiwa, na jikoni sasa ni mimi. Yule somo wa kukodi nimempa vitunguu amenye.

Sasa wewe. Hiyo rufaa inayozunguka iacheni izunguke. Nenda wewe na Wafula mkakae mlangoni kwa huyo aliyetoa amri, mumwambie usoni. Akiwafukuza, rudini kesho yake. Mkimwogopa nijulisheni, nije.

Mwanasaumu hayuko hapa, uonavyo mwandiko. Anayeandika ni babako, na nimemwambia aandike kwamba yeye ni kichwa kigumu.

Nyanyako

Nimeandika. Hakunikataza kuandika nilikirithi kwa nani.

Babako