Maumivu Yamekuja, Damu Haikuja

Daa, Alhamisi, Julai 1983

Ukungu haujainuka tangu asubuhi. Baridi ya Julai tumeizoea, lakini ya leo imeniingia mpaka mifupani, na tumbo limeanza tena.

Linaanza hivi kila mwezi. Kiuno kinakatika, chini ya kitovu panakaza, nainama nimeshika nguzo ya zizi. Natandika kitambaa safi, nasubiri. Jioni nakitoa kikavu kama nilivyokiweka.

Zamani nilikuwa nalalamika kwamba vitambaa hivyo vinanimalizia sabuni, na sabuni yenyewe ni ya kutafuta kwa tochi. Leo ningefua hata kwa majivu, tena kwa furaha.

Yalianza kabla ya masika. Damu ilinitoka sana, nikadhani ni utu uzima, maana kwa umri wangu siku zinavurugika. Hospitalini wakasema mimba imeharibika, wakanisafisha kizazi. Sikujua hata kama nilikuwa na mimba. Nilimpata na kumpoteza siku hiyo hiyo, na mpaka leo sijamlilia, kwa sababu sikujua nianzie wapi.

Mila ya kwetu Wairaqw ni kwamba mwanamke aliyeharibikiwa na mimba anajitenga mpaka aone siku zake tena. Haingii nyumba ya mtu, hachangii kikombe, hagusi mtoto mchanga asije akamdhuru. Mama mkwe hakunikaripia. Alinitengea kikombe cha bati na kigoda, akasema, "Vumilia tu, mama Martina. Ukiona, yamekwisha."

Sijaona.

Nesi anasema huenda ni umri, huenda ni kovu la ndani, nirudi wanipime. Nitarudi. Lakini mila haikusema lolote juu ya mwanamke ambaye damu yake haitarudi kabisa. Huyo anatoka lini?

Juzi Martina, binti yangu mkubwa, alikuja kutoka Baray na mtoto wake, mjukuu wangu wa kwanza. Nimemwona kutoka upande wa pili wa ua wa minyaa. Ana nywele nyingi, na akipiga chafya utadhani ni kitoto cha mbuzi. Nikimsikia analia mikono inataka kwenda yenyewe. Naishughulisha na kupukuchua maharage.

Leo mchana mama mkwe alipokwenda kuteka maji, Martina akazunguka ua, akasimama mbele yangu, akamfunua mtoto.

"Mshike, mama. Mimi siogopi. Bibi akiuliza, mwambie umeona."

Nilirudi nyuma.

Nikamwambia kuna baridi, amrudishe mtoto ndani. Aliondoka akifuta macho kwa pembe ya kanga.

Miezi yote hii nimekuwa nikimlaumu mama mkwe kimoyomoyo, yeye na mila zake, mimi ninayekwenda kanisani kila Jumapili. Kumbe leo hakuwepo, na hakuna aliyenizuia. Ninayeogopa ni mimi. Yule wa tumboni nilimpoteza bila kumjua. Huyu namjua, nimeshaona mpaka nywele zake.

Inaniuma. Tumbo linauma, na hili linauma zaidi.

Kesho asubuhi wanarudi Baray. Sijui kama nitanyoosha mikono. Nikishindwa, nitamwambia Martina kwamba tumbo linauma, siwezi kusimama nikambeba mtoto. Sitakuwa nimemdanganya.