Uliwaozesha Mabinti wa Sultani, Mimi Umenigomea

Mdogo wangu Muzamilu,

Salamu yangu iitikie, hata kama ni kimoyomoyo. Nakuandikia hadharani kwa sababu simu zangu hupokei na ujumbe ninaokutumia huufungui. Najua rafiki zako wa huko Dar wataisoma barua hii kabla yako, kisha watakuletea. Utakasirika. Kasirika tu, mradi uisome mpaka mwisho, maana Alhamisi naenda Bukoba mbele ya kadhi, na nitakachosema huko kinakutegemea wewe.

Unaikumbuka kompyuta ya baba yetu, Taata? Ile kubwa ya mezani aliyoinunua kwa mtu pale Muleba, akisema itamsaidia kwenye biashara yake ya kahawa. Hakuitumia hata mara moja. Wewe ndiye uliyeikalia kama kuku anayeatamia, ukaweka ndani yake mchezo wa wafalme wa zamani, ramani kubwa iliyojaa rangi, na mimi ukanifanya waziri wako. Mchezo ulikuwa wa Kiingereza, nawe ulinitafsiria hata pale usipoelewa mwenyewe. Nilikuwa nasubiri matokeo ya kidato cha nne, na kazi yangu nyumbani ilikuwa kupika. Ndizi ngapi ziliungua jikoni kwa mama yetu, Mae, tukibishana nani avamiwe kwanza!

Tulipojitafuta kwenye ile ramani hatukujiona. Ziwa lilikuwepo, ila upande wetu wote ulipakwa kijivu, maana yake huku hakuna mtu wa kutawala wala wa kutawaliwa. Ulinuna kweli. Ulisema waliotengeneza mchezo hawajawahi kula senene, panzi wetu watamu. Basi ukahamia kwa masultani, na huko ndiko uliponifundisha madhehebu.

Madrasa pale Kamachumu tulifundishwa kusoma, kuswali na kufunga. Sisi tulijua kuna Waislamu na kuna Walutheri, na hao Walutheri ndio tuliokula nao Krismasi. Mambo ya Sunni, Shia na Ibadhi mimi nimeyasikia mara ya kwanza kutoka kinywani mwako, mbele ya kioo cha kompyuta. Kila mkoa ulikuwa na dhehebu lake, na mfalme alikuwa na lake. Yakilingana, watu wanatulia na ushuru unaingia. Yasipolingana, alama za utulivu zinashuka mwaka hadi mwaka mpaka waasi wanatokea. Hapo mtawala apeleke masheikh wakawageuze watu, kazi inayokula dhahabu na miaka, au awavumilie na aridhike na ushuru mdogo, au abadili dhehebu lake mwenyewe kisha agombane na jamaa zake wa ikulu. Hata misimamo ya wanazuoni ilikuwa na faida zake, huyu anakuongezea elimu, yule anakuongezea askari. Hesabu za shule zilikushinda, lakini hizi ulizijua kwa kichwa.

Siku moja Taata alivuta kiti akasema naye anataka kutawala. Ukampa nchi yenye mikoa ya rangi mbili. Akanyoosha kidole kwenye rangi iliyokuwa tofauti.

"Hawa wanaswali?"

"Wanaswali, Taata."

"Wanafunga?"

"Wanafunga."

"Sasa unataka niwafanye nini?"

Ukamwambia awageuze upesi, vinginevyo wataasi. Akakataa katakata. Akawaacha walivyo, akawaondolea ushuru wote eti wamechoka, akawarudisha askari mashambani kwao. Ufalme wake uliangushwa hata chai haijapoa. Tulicheka mpaka Mae akaja kuuliza kuna nini, na Taata alicheka kuliko sisi. Alikuwa mtawala mbovu sana, Mungu amrehemu.

Wewe ulitawala vizuri. Hasa kwenye ndoa. Ulikuwa unafungua dirisha la posa, mchezo unakuonyesha kwa nini yule mfalme wa pili atakubali au atakataa: zawadi zinaongeza alama, ujirani unaongeza, uadui wa zamani unapunguza. Jumla ikizidi sifuri, ndoa imepita. Ukamwozesha binti wa sultani wako kwa mtawala wa Misri aliyekuwa Shia, kwa sababu ulizitaka meli zake. Nikakuuliza kama hilo linawezekana, madhehebu yao si mbalimbali? Hukuinua hata macho.

"Dada, dhehebu linapunguza alama tu. Halikatazi."

Nayakumbuka maneno hayo kuliko unavyodhani. Nimekaa nayo tangu siku ile ya posa yangu, na leo nitakueleza ilivyokuwa, maana wewe ulikuwa upande wa pili wa simu na hukuziona nyuso za watu.

Wazee wa mchumba wangu Jafari walifika asubuhi kutoka Bukoba. Mae alikuwa amewatandikia mikeka mipya, na kile kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna kilizungushwa kwa kila mgeni, kama inavyopasa. Mambo yalikwenda kwa heshima. Baba mdogo Hamza akasema posa wameipokea, lakini baba wa binti ametangulia mbele ya haki na walii wa kumwozesha ni mdogo wake binti, Muzamilu, basi apigiwe aseme neno lake wote wasikie. Akaweka simu kwenye sauti ya juu, katikati ya mkeka. Mimi nilikuwa chumbani nyuma ya pazia, nimejaa furaha, nakwambia ukweli. Nilijua utanitania. Nilijua utasema mahari ni meli.

"Muzamilu waitu, wageni wako hawa hapa," Baba mdogo akasema. "Wanasubiri idhini yako."

Ukatoa salamu, kisha ukamtaka bwana harusi mwenyewe.

"Ukisimama kuswali, mikono unaifunga au unaiachia?"

Jafari alijua unamtega aseme kama ni Shia, na angeweza kukudanganya. Kulikuwa na njia elfu za kulikwepa swali hilo.

"Naiachia, shemeji."

"Basi mimi simwozeshi dada yangu kwako."

Simu ikakatika. Watu wakaacha kutafuna. Mzee mmoja wa upande wao aliitema kahawa yake kiganjani taratibu na kuitazama, hakujua aiweke wapi. Mae hakulia mbele ya wageni, alilia walipoondoka. Tangu siku hiyo hajakutaja jina, na unamjua Mae, akikaa kimya ujue ameumia kuliko anayepiga kelele.

Nilitaka kukuuliza, na bado nauliza: wewe si ndiye uliyenieleza kwamba hata kwa Masunni wapo wanaomfuata Imamu Maliki na wengi wao wanaachia mikono? Ulinieleza hivyo ukiwa na miaka ya kuota ndevu. Sasa ndevu umeota, elimu imekwenda wapi? Sikukatazi kushika msimamo wako. Ulipoacha kuja kwenye maulidi nyumbani, nani alikusema? Taata alikuwa hai, akasema mwacheni kijana atafute. Hakukugeuza kwa nguvu. Lakini wewe umeniangalia mimi, dada yako, ukaona mkoa unaotaka kuasi.

Baba mdogo alikwenda kwa shehe wa msikiti wetu kuuliza kama yeye anaweza kusimama mahali pako. Shehe akasema hapana. Walii wa karibu akiwa hai, ana akili zake, na akakataa tu, zamu haimrukii baba mdogo. Jambo linakwenda kwa kadhi, naye ndiye atakayeniozesha. Ila kadhi hataki kusikia kwa watu. Anataka binti mwenyewe asimame aseme kwamba walii wake amekataa bila sababu ya kisheria. Unaelewa, Muzamilu? Natakiwa nikushitaki kwa mdomo wangu.

Lipo jingine ambalo hulijui. Mama yake Jafari aliniita pembeni. Akasema, kwa upole kabisa, kwamba kwao walii ni baba au babu tu, na wote wawili wangu wametangulia. Mwanamke mzima kama mimi anaweza kukubali ndoa yake mwenyewe. "Kwetu ndugu hahitajiki, mwanangu," akasema, "usijitese." Tungeweza kumaliza siku ileile, bila kadhi, bila aibu, bila wewe.

Nimekataa. Nilimshukuru na nikakataa, na Jafari alikubali kunisubiri ingawa naona amechoka. Nimechagua kanuni ngumu, ile ile unayoniumiza nayo, kwa sababu katika hiyo wewe una nafasi. Sitaki ndoa ambayo mdogo wangu ndani yake si kitu. Nimekukasirikia mpaka nashindwa kula, lakini kuolewa bila wewe sijaweza.

Usidhani nakutisha. Nitaolewa na Jafari, hilo limekwisha, hata ukija na jeshi. Alama zimepungua, ndiyo, mimi mwenyewe naziona: watoto wetu wataswali wakimwona baba anafanya hivi na mama anafanya vile, na watatuuliza. Tutawajibu. Ninachokuomba si kwamba ulipende dhehebu lake. Ninakuomba useme neno moja la idhini, kwa simu hiyo hiyo uliyoikata.

Alhamisi kadhi ataniuliza kama ninaye ndugu wa kiume wa baba mmoja na mama mmoja. Nitajibu ninaye, na nitalitaja jina lako kwa fahari, Wallahi. Swali la pili litakuwa kama amekubali. Hilo, mpaka sasa ninapokuandikia, bado ni lako wewe kulijibu. Usiniache nilijibu mimi.

Wako wa tumbo moja,
Dada yako Sauda