Baba, Kwa Nini Hukuandika Kwenye Daftari?

Kwako Baba, uliyelala nyuma ya nyumba,

Nakuandikia nikiwa na hasira, na sitakuficha. Ungekuwa hai ningekupigia simu, nawe ungeiacha iite weee, ndipo uipokee na kuuliza, "Nani huyo?" kana kwamba jina langu halijatokea hapo kwenye kioo. Sasa huna simu, kwa hivyo itabidi usome. Ukishindwa, Mama atakusomea. Kila Jumapili anakaa hapo kando ya kaburi lako na kukupasha habari za majirani, basi hii nayo ni habari.

Shida ni hii. Nimeomba nafasi ya kusomea udaktari wa mifugo. Chuo kikuu, Baba, si cheti. Cheti ninacho, lakini cheti kimenifikisha hapa Homa Bay kwenye duka la dawa za mifugo, nimesimama nyuma ya kaunta nikimuuzia mtu dawa ya maumivu huku najua kabisa kwamba ng'ombe wake anahitaji kupasuliwa. Siruhusiwi kumpasua. Wanaonunua wanarudi baada ya siku tatu kuniambia amekufa. Nimechoka kutoa pole kwa kazi ambayo sikuruhusiwa kuifanya.

Basi nikajaza fomu kwenye mtandao. Shule, alama, kitambulisho, picha, ambayo nilipiga mara mbili kwa sababu kwenye ile ya kwanza nilikuwa nimenuna. Mwishoni wakauliza kitu kimoja tu: kumbukumbu za wanyama kumi niliowatibu kwa mikono yangu, ziwe ziliandikwa siku ile ile ya kazi, pamoja na jina la aliyenisimamia. Nikacheka peke yangu hadi mteja wa dawa ya kupe akaniuliza kama niko sawa. Wanyama kumi! Miaka miwili tumezunguka juu ya ile pikipiki yako, kutoka Rodi Kopany mpaka kule Migori karibu na mpaka wa Tanzania. Wanyama kumi sisi tuliwamaliza kwa wiki. Halafu nikakumbuka ulikuwa ukiandika wapi, nikaacha kucheka.

Kwenye milango, Baba. Kwenye milango ya watu!

Ukimaliza kumtibu ng'ombe unatoa ile kalamu nene nyeusi mfukoni, unaingia nyumbani kwa mwenyewe bila hata kukaribishwa, unageuza mlango na kuandika upande wa ndani: tarehe, ng'ombe yupi, ugonjwa gani, dawa gani, maziwa yasinywewe mpaka lini. Mimi wakati huo niko nje naosha sindano na kupanga mkoba. Nilikuuliza mara ngapi kwa nini usiandike kwenye daftari kama madaktari wengine? Ukanijibu, "Nyathina, mwanangu, daftari likipotea, limepotea na wagonjwa wote. Mlango ukipotea, amepotea mmoja." Ulisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi. Nikakununulia daftari, lenye jalada gumu kabisa. Ukashukuru, ukalisukuma chini ya mguu wa meza ya Mama iliyokuwa ikiyumba.

Liko pale mpaka leo. Baada ya kusoma fomu nililitoa, nikitumaini labda ulijificha ukaandika mawili matatu. Tupu! Na meza ikayumba, chai ikamwagika, Mama akanigombeza mimi. Si wewe. Mimi.

Kwa hivyo nikaomba ruhusa dukani, nikaanza kutafuta milango. Hebu fikiria mtu mzima anapanda boda asubuhi, na dereva anapomuuliza anakwenda kwa nani, anajibu, "Naenda kuona mlango."

Nilianzia Rodi Kopany kwa Mzee Ogweno, yule wa fahali mkaidi aliyekutupa juu ya ua wa michongoma. Alinipokea vizuri mno. "Nyar daktari! Binti wa daktari wetu, karibu!" Nikamweleza. Akaenda kufungua mlango polepole, nami nikajua kabla sijaona. Buluu, Baba. Buluu inayong'aa, pande zote mbili. Wageni wa mahari walikuwa wanakuja kwa binti yake, na mkewe akasema hawezi kuwakalisha wakwe mbele ya mlango ulioandikwa habari za kuhara kwa ndama. Na kusema kweli simlaumu.

"Lakini mimi nakumbuka zote," Mzee Ogweno akasema. "Toa kalamu nikutajie." Akataja kweli, mnyama mmoja mmoja, mpaka na hali ya hewa ya siku hiyo. Niliandika kwa heshima tu. Chuo hakitaki masimulizi, kinataka maandishi ya siku ile. Nilitoka pale na kuku mmoja wa zawadi na mnyama sifuri.

Mlango wa pili ulikuwa kwa Mama Robi, kule Migori. Nilifika Jumamosi, na hapo kosa ni langu, nakubali. Mtu niliyekulia kati ya Wasabato ningesahauje? Mama Robi alinipokea langoni amevaa nguo za kanisani, Biblia kwapani. Nikamweleza kwamba ni picha tu, dakika moja, nina wiki moja imebaki kabla ya fomu kufungwa.

"Mwanangu, leo ni Sabato."

"Mama, si ni wewe uliyetuita hapa Jumamosi ng'ombe wako aliposhindwa kuzaa?"

"Ng'ombe akikwama siku ya Sabato tunamtoa," akasema. "Mlango wako haujakwama."

Nilikwenda naye kanisani. Nikaimba. Nikala wali na maharagwe yaliyopikwa jana yake. Nikasikiliza hubiri la mchana, na hubiri la baada ya hilo. Jua lilipozama akainuka mwenyewe, akawasha taa, akageuza mlango na kusema, "Haya, piga picha zako."

Mwandiko wako, Baba. Zile herufi zako zilizosimama wima kama askari. Wanyama sita kwenye mlango mmoja, mlango mzima umejaa. Wa kwanza alikuwa yuleyule ng'ombe mwekundu wa Sabato. Nikasoma: ndama alikaa vibaya, miguu ya mbele imekunjika, amegeuzwa na kuvutwa, yu hai, mama yu hai. Na chini yake: *Daktari: Awuor. Msaidizi: Baba Awuor.*

Nikasoma tena. Nikashuka kwa mnyama wa pili. Daktari: Awuor. Wa tatu, wa nne, mpaka wa sita, daktari ni mimi. Wewe kila mahali ni msaidizi.

Siku ile ya ng'ombe mwekundu naikumbuka vizuri kuliko siku niliyopata cheti. Ulivaa glavu, ukapiga magoti, na mkono wako ukaanza kutetemeka. Haukuwa mtetemeko wa baridi. Ulikuwa umeanza miezi kadhaa nyuma kwenye kikombe cha chai, na sote nyumbani tulijifanya hatuuoni. Ukasimama, ukavua glavu, ukasema kwa sauti ya kila mtu asikie, "Awuor, njoo ujifunze hapa, mimi niangalie." Tangu siku hiyo kila kazi ya mkono ilikuwa yangu, nawe ulisimama nyuma yangu ukinung'unika. "Polepole." "Si hapo." "Unavuta ndama au unavuta mbuzi wa kuuza?" Huo ndio wimbo wangu wa miaka miwili. Kabla ya hapo, tangu niko darasa la tatu, wimbo ulikuwa mfupi zaidi: "Shika mkia, nyamaza." "Vizuri" hukusema hata mara moja. Nilitoa ndama aliyekufa nusu, akapumua, akasimama, nawe ukaniambia nimesahau kufunga chupa ya dawa.

Nilimwambia Mama Robi kwamba ulikuwa unaficha ule mkono ili wateja wasikukimbie, na kwamba sielewi kwa nini basi ukaandika ukweli kwenye mlango wake. Akacheka kidogo. "Alimficha nani? Sote tuliona. Ulipokuwa nje ukiosha vitu vyako, alikuwa anaandika, halafu ananisomea kwa sauti. Akifika kwa jina lako anasoma mara mbili." Ukamsomea yeye, Baba! Mama wa watu ambaye alitaka tu kujua maziwa atakunywa lini.

Mlango wa tatu uko Takawiri. Ndiyo, kisiwani, kule ziwani. Ile familia tuliyoitibia mbuzi hapa Homa Bay ilihama, ikabomoa nyumba, ikapakia mabati na milango kwenye mashua, na sasa mlango wako ni meza ya kuanikia omena. Ilibidi wahamishe samaki wote, tuupindue na kuusugua kwa kitambaa kikavu, mimi nikipiga chafya muda wote. Tulipata mbuzi watano. Daktari: Awuor, mara tano. Sasa nina wanyama kumi na mmoja, na simu yangu mpaka leo inanuka omena.

Nikatuma picha. Kesho yake karani wa chuo akanipigia, dada mmoja mwenye sauti ya upole.

"Awuor, hizi picha ulizotuma… ni milango?"

"Ndiyo, ni milango."

"Sawa. Tarehe naona, dawa naona, na kusema kweli huu mwandiko ni mzuri kuliko wa wengi. Lakini hapa daktari ni wewe, na huyu mzee ni msaidizi. Fomu inataka aliyekusimamia."

"Aliyenisimamia ni huyo mzee."

"Sasa dadangu, msaidizi atamsimamiaje daktari?"

Nilikaa juu ya gunia la chakula cha kuku, Baba, nikashika kichwa. Maisha yangu yote nimesubiri neno moja tu kutoka kwako. Moja! Ningeridhika hata na "si mbaya." Kumbe ulikuwa nalo. Ulilisambaza nchi nzima, ukaliandika kwa wino usiofutika nyuma ya milango ya watu ambako nisingeliona, na ulipopata nafasi ya kunisifu ukanisifu kwa namna ya kuniharibia fomu. Ni nani mwingine angeweza? Nilitaka kukugombeza mpaka sauti ikauke. Nikalia badala yake, pale dukani, na yule mteja wa dawa ya kupe akawa amerudi, akaniona, akaondoka bila kununua.

Karani alisubiri nimalize. Kisha akasema niandike maelezo kwa mkono wangu, nieleze nani alifanya nini, na shahidi mmoja aliyekuwepo atie sahihi. Nikarudi Migori, safari hii siku ya Jumanne. Mama Robi alitia sahihi juu ya ule ule mlango, akiegemeza karatasi kwenye jina langu.

Maelezo yenyewe nimeyaandika mara nne. Ya kwanza yalikuwa marefu na yamejaa lawama, mengi ndiyo haya unayosoma. Ya nne ni mistari michache, na ndiyo niliyotuma jana, siku moja kabla ya fomu kufungwa. Nimesema mikono ilikuwa yangu. Nimesema macho yalikuwa yako. Nimesema hukuwahi kuniacha peke yangu na mnyama hata mmoja, na kwamba palipoandikwa msaidizi pasomwe msimamizi, kwa sababu aliyeandika alikuwa baba yangu na siku zote alikuwa mbishi.

Watanichukua? Sijui. Majibu bado. Wakikataa nitaomba tena mwakani, na safari hii nitakuwa na daftari. Lakini nakuambia ukweli, sina tena ile hamu ya kusikia wakisema nafaa. Hilo nimeshalisoma mara kumi na moja.

Jana nikishatuma nilirudi nyumbani, nikatoa kalamu yako nene kwenye ule mkoba wa zamani. Bado inaandika. Kwenye nyumba yetu hujawahi kuandika, unajua hilo? Milango ya watu wote isipokuwa wako. Nikageuza mlango wa sebuleni, upande wa ndani, nikaweka tarehe ya jana na kuandika: *Ombi limetumwa. Daktari: Baba. Msaidizi: Awuor.*

Mama alitoka jikoni, akasimama akasoma. Nikajua nitagombezwa tena. "Na wewe umeanza kuniharibia milango?" akasema. Kisha akaninyang'anya kalamu, nikadhani anakwenda kuitupa. Akaitia mfukoni mwa aproni yake, akasema ataitunza mpaka majibu yaje, maana chini pale bado kuna nafasi.

Lala salama, Baba. Hasira imepungua, haijaisha.

Ni mimi, mshika mkia wako,
Awuor