Nyuma ya Bampa la Erasto

Jumanne, 3 Februari

Gereji tangu saa mbili asubuhi. Nimekaa juu ya tairi bovu, hatua tatu kutoka kwa fundi Saidi. Betri nimeitia alama kwa rangi ya kucha ya mke wangu. Alternata pia. Saidi ameziona alama, akacheka. Acheke tu. Kumwachia fundi wa Mikumi gari ni kumkabidhi fisi bucha.

Kazi yenyewe: kung'oa bampa la chuma, kufunga jingine lenye kitako cha winchi, mashine ya waya ya kujinasua matopeni. Masika iliyopita nilikwama siku mbili kwenye mteremko wa Vidunda na magunia ya maharage ya watu. Sirudii.

Nati zimeshikwa na kutu. Saidi kazimwagia dizeli, anasema zilale nayo hadi kesho. Zilale, lakini kwangu. Nimeondoka na gari.

Jumatano, 4 Februari

Nati nane zimefunguka, mbili zimekatwa. Bampa limeshushwa na watu wanne.

Nyuma yake, ncha ya kulia ya chesisi imenyooshwa kwa nyundo. Imechomelewa, kisha imepakwa rangi nyeusi ili isionekane.

"Hili gari liligonga, mzee," Saidi akasema. "Tena liligonga haswa."

Nikamwambia hajui asemalo. Gari ni langu mwaka wa tisa huu, sijagonga hata kuku. Ndipo nikakumbuka bampa lilikotoka.

Mwaka juzi utumbo ulijisokota, nikalazwa Morogoro wiki tatu. Gari lilibaki na Erasto, mdogo wake mke wangu. Natoka hospitali, nalikuta limevishwa bampa jipya la chuma. "Zawadi, shemeji. Pole kwa kuugua." Nililia mbele za watu. Jumapili yake nikasimama kanisani nikamsifu shemeji yangu hadi mchungaji akakohoa.

Zawadi gani. Ilikuwa kifuniko.

Alhamisi, 5 Februari

Nimemuuliza mke wangu. Alikuwa anakoroga uji, hakugeuka. "Muulize mwenyewe."

Mtu asiyejua husema sijui. Kwa hiyo anajua. Wawili wamekula njama ndani ya nyumba yangu, nami nagawa shukrani.

Sitamuuliza Erasto. Yuko kazini Kilosa. Nikimpigia, nitampa siku nzima ya kutunga uongo.

Nimekaa nikiunganisha mambo. Tangu mwaka ule, tukienda Morogoro, Erasto hashiki usukani kwenye kipande cha barabara kinachokatiza hifadhi ya wanyama. Husingizia kichwa, husingizia usingizi. Nilidhani uvivu. Sasa najiuliza aligonga nini pale. Najiuliza kama alikuwa mtu.

Saidi amefunga bampa jipya na winchi. Nimekagua alama zangu, zote zipo. Sikufurahi.

Jumamosi, 7 Februari

Leo Mzee Lukas kateremka kutoka Vidunda, kaja hadi nyumbani. Ni baba yake Agnes, binti ambaye Erasto anataka kumwoa. Mshenga wa Erasto ni mimi. Barua ya posa niliipeleka kwa mkono wangu mwezi Desemba, na jibu linangojwa mwezi huu.

Kwao jibu halitoki kabla baba wa binti hajamuuliza mshenga swali moja, faragha, mara moja tu. Nililijua. Sikulitegemea leo.

Shikamoo, marahaba, chai. Mke wangu akatupisha. Mzee akaweka kikombe chini.

"Ungekuwa na binti wa kuozwa, ungempa kijana huyu?"

Jibu lenyewe huwa ndiyo. Siku zote huwa ndiyo, maana mshenga mwenye shaka hakubali kazi. Mimi nikasema, "Ningetaka kwanza kujua anaficha nini."

Mzee akatikisa kichwa polepole, akachukua kofia yake. Chai ameiacha nusu.

Nimesema kweli. Mke wangu anauliza mbona mgeni kaondoka upesi. Nimemjibu kawahi usafiri.

Jumatatu, 9 Februari

Bahasha imerudi kwa mkono wa dereva anayetoka kule. Ni ile ile niliyoipeleka, na barua yangu ndani. Hakuna neno lililoongezwa.

Mke wangu aliiona mezani kabla sijaificha. Akataka kujua nilimwambia nini Mzee Lukas. Nikamwambia, tena kwa sauti ya mwenye haki. Akakaa sakafuni, pale pale kwenye simenti.

Halafu akasema. Alfajiri ile ya kunipeleka Morogoro, Erasto alikuwa anaendesha, yeye yuko nyuma kanipakata kichwa, nami sijitambui. Hifadhini nyati akakatiza. Wakamgonga. Taa moja ikafa, maji ya rejeta yanavuja. Erasto akataka kusimama, sheria anaijua: ukigonga mnyama wa hifadhi, unasimama na kuripoti. Mke wangu akamkataza. Wangesimama, wangeandika maelezo hadi mchana, nami ningekuwa maiti. Erasto akaendesha huku analia, anaongeza maji njiani hadi hospitali.

Daktari aliwaambia nimefikishwa dakika za mwisho.

Nikauliza kwa nini walinificha.

"Kwa sababu ya mdomo wako, Baba Joeli. Ungelisimulia kanisani."

Kweli, ningelisimulia.

Jumanne, 10 Februari

Nimempigia Erasto. Nimemweleza bahasha, na nilichosema, na kwamba sasa najua. Sikupunguza kitu.

Akajibu: "Sawa, shemeji."

Heri angenitukana. Sikula mchana wala jioni. Najichukia.

Alhamisi, 12 Februari

Nimepanda Vidunda peke yangu. Mvua ya jana imelainisha mteremko, gari likaserereka mara mbili. Nikafunga waya wa winchi kwenye mti, ukanivuta hadi juu. Chombo kizuri. Hakikunipa raha yoyote.

Agnes alinipa maji ya kunawa bila kunitazama. Nikamweleza Mzee Lukas kila kitu, nyati na yote, nikaomba radhi. Nikasema jibu langu lilipaswa kuwa ndiyo.

"Kwetu swali hili haliulizwi mara mbili," akasema. "Wewe nilishakuuliza."

Nikadhani ndiyo mwisho. Nilipofika mlangoni akaongeza: wakitaka, walete barua nyingine. Ila ailete mshenga mwingine.

Jumamosi, 21 Februari

Wameondoka asubuhi kwenda Vidunda: Erasto, mke wangu, na mwalimu mmoja mstaafu wa Kisanga, mshenga mpya. Wamekwenda na gari langu. Erasto alinisalimia vizuri, akaniuliza namna ya kuvuta waya wa winchi, nikamwonyesha. Hakuna aliyeniambia nipande. Sikutegemea.

Nimepalilia bustani. Nimefua shati. Milimani kulikuwa kweusi kwa mvua.

Saa kumi mke wangu akapiga. Wamefika salama, barua imepokelewa, na Mzee Lukas na mwalimu walitoka nje wawili tu, kisha wakarudi. Nikasema vyema. Nilitaka kujua mwalimu alikuwa na uso gani waliporudi ndani. Sikuuliza. Nikamwambia waendeshe taratibu, nikakata simu, nikaenda kuwapikia wali.