Mama, Uliingoja Insulini ya Kuvuta

Mama mpendwa,

Watu wa matanga wameondoka leo. Wameacha chupa za soda zimejaa jikoni kwako, hapa Rågsved, Uswidi, na mimi nazitazama kwa hasira. Sukari imekuua, nao wamekuja kukulilia na sukari.

Unakumbuka siku ile kituo cha afya, daktari aliposema vidonge vimeshindwa, sasa ni sindano? Nilikutafsiria. Kisha ukaninong'oneza, "Mwanangu, muulize insulini ile ya kuvuta. Binamu yako wa Amerika anaitumia." Ulikuwa umeshapanga kila kitu. Ungeivuta mbele ya wanakwaya wenzako, wangedhani ni pumu. Pumu haina aibu. Lakini sindano, kanisani kwetu, ni ya mtu anayeaga dunia.

Daktari, ambaye hakuwa mtu mbaya, alisema dawa hiyo haiuzwi Uswidi, na hata ingekuwapo angepima mapafu yako kwanza. Akatuonyesha kalamu ya insulini, kasindano kenyewe kafupi kuliko ukucha. Ukamshukuru kwa neno moja safi la Kiswidi. Kwenye treni ukasema, "Miye nitangoja ile ya kuvuta. Mama Furaha wa kwaya akiona sindano, Jumapili kanisa yote itajua."

Ukangoja. Kalamu zilikaa kwenye friji nyuma ya sombe, majani yako ya muhogo. Nikigomba, ulinicheka: "Wewe umekuwa Mswidi." Kila nyumba uliyotembelea ulipewa soda, ukainywa, maana kukataa ni kumdharau mwenyeji. Nilikukasirikia, Mama. Bado nimekukasirikia.

Sasa sikia. Jana, nikipakua wali, Mama Furaha alinifuata jikoni.

"Funga mulango, mwanangu."

Akatoa kalamu mkobani, sawa kabisa na zako, akainua blauzi, akajidunga tumboni bila hata kukunja uso. "Usiambie batu," akasema.

"Mama alikuwa anajua?"

"Hapana. Nilikuwa naogopa mudomo yake."

Miaka yote mliimba bega kwa bega, kila mmoja akimficha mwenzake. Makaburini sikulia kama nilivyolia pale kwenye sinki.

Siri yake sikuitoa. Ya kwako niliitoa. Nilifungua mlango, nikasimama sebuleni na sahani mkononi, nikawaambia, "Mama alikuwa na dawa. Aliiacha kwenye friji kwa sababu aliwaogopa ninyi."

Mama Furaha alikuwa nyuma yangu, na nilisikia zipu ya mkoba wake ikifungwa taratibu.

Pumzika, Mama. Kalamu zako sijaweza kuzitupa.

Ni mimi,
kifungua mimba wako